Nilimlisha Sultani Mahindi

Bango lile niliandika kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu na mweusi, juu ya karatasi ngumu niliyoinunua soko la Konyo Konyo. Juu kabisa niliandika: "Karamu ya Sultani wa Kilwa, mwaka 1331." Chini yake nikapanga vyakula tisa: ugali, wali wa samli, maharage ya nazi, muhogo wa kuchemsha, samaki wa kupaka, kachumbari ya nyanya, achari ya pilipili, papai na nanasi. Lilikaa ukutani katika darasa la historia mihula miwili. Wanafunzi walilisoma kila siku na wengine wakalinakili madaftarini. Kati ya vyakula vile tisa, saba vilitokana na mimea ambayo mwaka 1331 ilikuwa haijakanyaga Afrika. Nililigundua hilo bango likiwa bado ukutani, nikanyamaza.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nafundisha historia na Kiswahili katika shule moja ya binafsi hapa Juba, na huu ni mwaka wangu wa sita. Darasani nina watoto wa wenyeji, wa wafanyabiashara Wakenya na Waganda, na wengi waliokulia kambini Kakuma au kaskazini mwa Uganda kabla wazazi wao hawajarudi. Mwaka juzi, kidato cha pili, tulikuwa tunasoma Ulaya ya zama za kati. Kitabu kilikuwa na picha ya karamu ya mfalme: meza ndefu, vipande vinene vya mkate mkavu vikitumika badala ya sahani, tausi aliyechomwa kisha akavishwa tena manyoya yake ili aonekane hai. Watoto waliitazama picha ile wakasahau hata kugombana. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono.

"Ustaz, na sisi tulikuwa tunakula nini?"

Nilifurahi mno. Mwalimu wa historia hulisubiri swali kama hilo miaka. Siku ya utamaduni ya shule ilikuwa inakaribia, nikamwambia: "Hutasoma tu. Utakiona na utakila." Sikumuuliza alipotamka "sisi" alimaanisha sisi akina nani. Yeye ni mtoto wa Mto Nile, nami nikamjibu kwa pwani yangu.

Jibu la pwani lipo, na ni jibu zuri. Mwaka ule wa 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alishuka Mogadishu. Akapelekwa kwa sultani, Abu Bakr bin Sheikh Umar. Kwanza akaletewa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi ya Damascus, akapewa makazi katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Kisha chakula kikaja. Wali uliopikwa kwa samli ulipakuliwa katika chano kikubwa cha mbao, na juu yake zikapangwa sahani za kitoweo alichokiita kushani: kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilipikwa katika maziwa mabichi zikaletwa katika chombo chake. Maziwa ya mgando yakaja pembeni, na humo mlikuwa na ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyokaa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mtu akila tonge la wali, hulifuatisha na kidogo cha hizo achari. Anasema mtu mmoja wa Mogadishu alikula kiasi cha kundi zima la wageni, na kwamba waliletewa chakula mara tatu kwa siku, siku tatu mfululizo.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona bibi yangu Mji wa Kale, akianika maembe machanga juu ya paa, chumvi imeganda kwenye vidole vyake. Chano kile cha mbao ni sinia letu la harusi. Karibu miaka mia saba imepita, na bado ningejua mahali pa kuketi katika karamu ile na mkono upelekwe wapi. Ndiyo maana naona aibu. Niliyaharibu maneno niliyoyapenda.

Kwanza niliihamisha karamu. Ibn Battuta aliiona Mogadishu, mimi nikaipeleka Kilwa, kwa sababu nilikuwa na picha nzuri ya magofu ya Husuni Kubwa na kwa sababu nilitaka mwenye karamu awe wa pwani ya Waswahili. Alipofika Kilwa hakutuachia habari ya chungu hata kimoja. Hata mji wangu mwenyewe aliupitia, akasema watu wa Mombasa hawalimi nafaka, huletewa, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Sikuliweka hilo kwenye bango. Ndizi na samaki niliviona vidogo kwa mji wangu.

Kisha nikaanza kujazia. Kitabuni palikuwa na "vishada vya pilipili", nami nikaona akilini pilipili mbuzi, nyekundu, ile inayotutoa machozi. Pilipili aliyoisema yeye ni pilipili manga, inayoota kwa vishada na asili yake India. Neno pilipili lilikuwa likisafiri katika bahari hii zamani za kale, na tunda jekundu lilipokuja kutoka Amerika likalikuta jina tayari likalivaa. Huo ndio mtego nilionaswa nao, na haukuwa mgumu kuuona kama ningesimama kidogo. Ugali nao niliuweka bila kufikiri. Karamu bila ugali ningeielezaje kwa watoto wa Juba? Sikujiuliza: ugali wa unga gani?

Aliyejiuliza ni mama anayepika shuleni.

Ni mtu wa Bor. Alikaa Kakuma miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, kisichopoteza neno. Hasomi. Nilimpelekea orodha wiki moja kabla ya sherehe nikamsomea. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua kunde kwenye sinia, akitupa vijiwe pembeni.

"Ustaz, hii ni chakula ya zamani?"

"Ya zamani sana, mama. Miaka mia saba."

"Mahindi si ya zamani. Ya zamani ni dura. Mimi nitakupikia walwal."

Dura ni mtama. Sikuwa nimemwomba anionyeshe, lakini aliinuka akachota unga wa mtama kutoka kwenye ndoo, akaumwaga juu ya sinia pana. Akachovya vidole majini akaunyunyizia, kidogo tu, kama mtu anayenyunyiza marashi. Halafu akaanza kuuzungusha kwa viganja, duara baada ya duara, bila kukandamiza, na unga ukaanza kujikusanya wenyewe: kwanza kama mchanga, baadaye kama chembe ndogo za wimbi. Alipoona zinalingana akazipepeta, zilizozidi ukubwa akazivunja, akaanza tena. Zile chembe huivishwa kwa mvuke. Huliwa na maziwa, au samli, au samaki mkavu wa mtoni. Harufu yake ilikuwa ya nafaka iliyopigwa jua. Mikono yake haikusita hata mara moja.

Nikamwambia hivi, na nayaandika kama yalivyotoka: "Mama, hii ni karamu ya sultani. Hatuwezi kumpa sultani mtama wa msaada."

Alikaa kimya kidogo. Akazikusanya zile chembe, akazirudisha kwenye bakuli, akalifunika kwa kifuniko cha sufuria.

"Sawa, ustaz. Wewe ndiye unasoma."

Nimejiuliza sana neno lile la msaada lilitoka wapi. Nilikokulia, mtama ulikuwa chakula cha mwaka mbaya. Ulipotajwa nyumbani, ulitajwa pamoja na ukame. Nilipokuja Juba niliuona sokoni, mwingine ukiwa katika magunia yenye mihuri ya mashirika ya chakula, na nikauchukulia muhuri kuwa sehemu ya punje. Mtu akila mtama nilimhurumia. Sikuwahi kufikiri kwamba niko katika bonde ambalo watu wake waliujua mtama tangu kabla pwani yetu haijajenga nyumba hata moja ya mawe, na kwamba punje hii ilikuwa ya heshima kabla ya kutiwa katika gunia la mtu yeyote.

Siku yenyewe ilipendeza, na hilo linanisumbua zaidi. Nilivaa kanzu na joho. Mvulana mmoja alikuwa sultani, kilemba chake kimetengenezwa kwa leso ya mke wangu. Unga wa mahindi ulitoka Uganda, kama unga mwingi tunaokula hapa, kwa malori yanayoingia kupitia Nimule. Wazazi walipiga makofi. Mgeni mmoja alinishika mkono akasema nimewarudishia watoto historia yao. Wageni walikula chini ya turubai mezani. Mama na wasaidizi wake walikuwa nyuma ya jiko, wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, sahani mapajani.

Na hapa kuna jambo nililoliacha makusudi katika bango. Jambo moja ambalo Ibn Battuta alilieleza vizuri kuhusu sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, ni tabia yake. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafakiri na kula nao. Hilo ndilo jambo pekee la ulaji wa Kilwa ya wakati ule lililoandikwa na mtu aliyekuwapo, nami nililiona halina rangi ya kutosha kwa sherehe.

Muhula uliofuata tulifika kwenye safari za Wareno. Niliandika ubaoni 1492, Columbus afika Amerika. Nikaandika 1498, Vasco da Gama apita pwani yetu, Mombasa na Malindi. Kisha, kama mtaala unavyotaka, nikaanza kuorodhesha mazao yaliyovuka bahari kutoka Amerika na kusambaa Afrika baada ya hapo: mahindi, muhogo, viazi vitamu, nyanya, maharage.

Nilipolimaliza neno maharage mkono ulikuwa mzito. Bango lilikuwa kulia kwangu, hatua mbili. Nilichobakiza kuandika ni karanga, pilipili, papai, nanasi. Nilikuwa nikinakili ubaoni orodha yangu mwenyewe ya karamu, na darasa zima lilikuwa linaandika. Nikaona kwamba mtu yeyote akiinua macho atasoma ubao na bango pamoja.

Nilisema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha, zilibaki dakika kumi. Nikafuta ubao kwa kiganja kwa sababu sikutaka kupoteza muda kutafuta kifutio. Chaki ilinibaki mkononi mpaka ofisini.

Ningeweza kulishusha bango jioni ile. Niliogopa mtoto atauliza limeenda wapi. Kwa hiyo nikaliacha, na kila siku lililobaki pale lilikuwa uongo mpya, kwa sababu sasa nilijua. Mtihani wa mwisho wa muhula nilikuwa nimeutunga mapema, na mlikuwa na swali: taja vyakula vitatu vya karamu ya pwani katika karne ya 14. Nililiacha swali hilo vilevile. Mvulana mmoja alijibu: wali, samaki, mtama. Nilikaa na karatasi yake mezani, taa ya sola ikififia. Wenzake walioandika ugali wa mahindi na maharage nilikuwa nimewapa alama zote tatu. Kama ningempa yeye haki yake, ingebidi niwanyang'anye wao, na ingebidi nieleze. Nikapiga mkasi mwekundu juu ya neno mtama.

Makosa mengine yote naweza kuyaelezea chanzo chake. Huo mkasi sina cha kuusemea.

Mambo ambayo ningepaswa kuwafundisha si ya kubuni, na ni makubwa kuliko bango langu. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, watafiti walikuta katika vigae vya vyungu alama za makapi ya mtama ambao watu walikuwa wameanza kuulima shambani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ndio mtama wa kulimwa wa kale kuliko wote uliogunduliwa. Mtama unaoliwa duniani leo, kuanzia India hadi China, ulianzia upande huu wa Afrika. Na karamu pia zilikuwapo. Katika karne ya 10 mjumbe wa Wafatimi wa Misri, Ibn Sulaym al-Aswani, alitumwa kwa mfalme wa Nubia, akaandika pia habari za ufalme wa Alwa, uliokuwa kusini yake. Mji wake mkuu ulikuwa Soba, karibu na pale Nile mbili zinapokutana, Khartoum ya leo. Alisimulia majumba mazuri, makanisa yenye dhahabu nyingi, bustani, ng'ombe tele na nyama tele. Na nafaka yao? Mtama mweupe. Huo ndio waliotengenezea mkate na ndio waliopikia pombe yao. Mfalme aliyesali katika kanisa lenye dhahabu alikula kile kile nilichokiita chakula cha msaada.

Soba na Juba ziko katika bonde moja la Nile. Msichana aliyeniuliza "sisi" angeweza kupewa jibu hilo.

Hata pwani, ambako ndiko nilikokimbilia, mambo hayakuwa kama nilivyoyapaka rangi. Kisiwani Pemba wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na Chwaka, na Sarah Walshaw akachunguza punje zilizoungua na kubaki mchangani. Tumbe, kijiji kikubwa cha karne ya 7 hadi ya 10, walikula zaidi uwele. Chwaka, uliokuja baada yake ukiwa na misikiti ya mawe, mchele ndio ulioshika nafasi. Maana yake wali wa sinia tunaouona wa asili ulikuwa mgeni wakati fulani, ukapanda hadhi polepole pamoja na misikiti, biashara na mabakuli ya kigeni ya kupakulia. Mabakuli hayo yalipendwa kiasi kwamba watu waliyapachika kwenye makaburi yao. Nguzo ya kaburi la Mambrui, nilipopelekwa nikiwa mtoto, ilikuwa na bakuli za Kichina zilizotumbukizwa kwenye chokaa, na nilidhani ni macho. Watu wale walitaka wakumbukwe kama wenye kukaribisha. Mtama na uwele vilikuwa chini ya ukarimu huo wote, katika vyungu vya kila siku, kwa karne nyingi.

Na mahindi? Jina lenyewe lilikuwa likiniambia. Mahindi, ya Hindi. Wahenga wetu walipoyapokea waliyaandikia ugeni jina, hata kama walikosea nchi. Wamisri waliyaita dura ya Sham. Kila mmoja alijua kwamba si yake, akayaita ya jirani. Nilitamka neno hilo tangu utotoni na sikulisikia.

Nilikwenda kwa mama Jumamosi moja shule ikiwa imefungwa. Alikuwa nyumbani kwake Gudele, chini ya mwembe, na mjukuu mgongoni. Nikamweleza yote: Ibn Battuta, Wareno, ubao nilioufuta, karatasi ya mvulana. Nikamwambia kwamba alisema kweli nami nikamdharau, na kwamba nilimdharau kwa sababu hasomi na kwa sababu ya kile alichotaka kupika. Nikamwomba radhi.

Hakunifariji. Alisema: "Nilijua." Kisha akauliza: "Mtoto umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nilitaka kuanza na yeye kwa sababu niliona yeye ndiye atakayenisamehe upesi. Alinitazama tu, akamrekebisha mjukuu mgongoni.

Shule ilipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa, ambalo sasa lilikuwa kidato cha tatu, nikalishusha bango mbele yao. Nikasoma vyakula kimoja kimoja na kusema kila kimoja kilitoka wapi. Nikawaambia ni lini nilijua, na nikazitaja zile dakika kumi. Darasa likawa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Nikamwita yule mvulana, nikaomba karatasi yake. Hakuwa nayo, alikuwa ameitupa. Nikaandika alama yake mpya kwenye rejista huku akiangalia, nikamwuliza alijuaje habari ya mtama.

"Mama wa jikoni alituambia," akasema. "Siku ile ya sherehe. Tulimuuliza kwa nini yeye hali."

Sikujua kwamba hakula. Nilikumbuka ndoo zilizopinduliwa na sahani mapajani, na kwa muda wote ule sikuwa nimetazama kama sahani yake ina kitu.

Siku ya utamaduni ya mwaka huu niliomba tusiweke meza. Tulitandika mikeka chini ya mwarobaini. Palikuwa na wali wa samli na samaki, ndizi mbichi katika maziwa, na ndimu za achari nilizoagiza Mombasa. Palikuwa na walwal. Mama alikuwa ameanza kuiviringisha tangu alfajiri na wasichana wanne, mmoja wao yule aliyeuliza swali. Nilipotaka kwenda kuketi na wageni, mama akaniita kwa mkono kutoka upande wa jiko. Akanimiminia maji mikononi kwa birika, akamsogeza mjukuu wake ili nipate nafasi, na akalivuta sinia hadi katikati.